Memori kadi ikigoma kwenye simu au kompyuta: usikubali kuifomati kabla hujasoma hapa

Msikilizaji wetu, kila wiki simu ya studio hulia nje ya muda wa vipindi, na mara nyingi swali ni lilelile kwa sura tofauti. "Memori kadi yangu inasoma kwenye simu, lakini kwenye kompyuta haionekani." "Nimetoka kuingiziwa nyimbo, nimefika nyumbani picha zote hazipo." "Simu inaniambia kadi imeharibika, niifomati. Nifanyeje?" Hewani tumejibu mara nyingi, lakini maneno ya hewani hupita, na wengi mmetuomba tuyaandike ili myasome taratibu na kumwonyesha fundi. Haya hapa.

Kama una haraka, shika jambo moja tu. Simu au kompyuta ikikuuliza kama unataka kuifomati kadi, kataa. Bonyeza "Cancel" au rudi nyuma, toa kadi, iweke mahali pakavu, kisha endelea kusoma. Kadi mpya utaipata gulioni. Sauti ya mama aliyefariki, picha za mtoto alipozaliwa au kumbukumbu za kikundi chenu cha kuweka na kukopa hazipatikani gulioni.

Yaliyotupata sisi wenyewe

Hatuandiki haya kama watu wasiowahi kukosea. Miaka kadhaa iliyopita tulikwenda kijijini kumhoji mzee mmoja aliyevuka miaka 80, aliyezijua nyimbo za kazi zilizoimbwa wakati wa kupalilia na kuvuna ulezi. Aliimba, akaeleza maana, akawataja waliomfundisha. Tulirekodi karibu saa nzima kwenye kadi ya GB 8.

Tulipoichomeka kadi kwenye kompyuta ya ofisini, ikaja taarifa kwamba ni lazima ifomatiwe kabla ya kutumika. Mwenzetu alikuwa anawahi kipindi cha jioni, akakubali. Kadi ikafunguka, lakini tupu. Kosa la pili likawa kubwa kuliko la kwanza: kwa kuwa kadi ilionekana imepona, kesho yake tuliibeba sokoni tukarekodia bei za mazao.

Fundi aliyetusaidia baadaye alifanikiwa kutoa dakika 11 za yule mzee. Zilizobaki zilikuwa zimefunikwa na bei za maharage. Tulipopanga safari ya kurudi kurekodi upya, tukapokea taarifa ya msiba. Kilichotuuma zaidi ni kwamba kadi yenyewe ilikuwa nzima. Kilichokuwa kibovu ni adapta, kile kigamba cha plastiki tulichoichomekea, ambacho kilikuwa kinashika na kuachia. Tungejaribu adapta nyingine, nyimbo zote zingekuwepo hadi leo.

Kufomati maana yake nini hasa

Fikiria ghala la ushirika. Ndani kuna magunia, na mlangoni kuna daftari la karani linaloonyesha gunia la nani liko wapi. Memori kadi ina vitu hivyohivyo viwili: vitu vyenyewe, yaani picha, sauti na video, na daftari linaloonyesha kila kimoja kimewekwa wapi.

Simu au kompyuta inaposema kadi inahitaji kufomatiwa, mara nyingi imeshindwa tu kulisoma daftari. Magunia yapo. Ukikubali ufomati wa haraka, daftari la zamani linachanwa na kuwekwa jipya lisilo na kitu. Magunia bado yapo, ila ghala sasa linahesabiwa kuwa tupu. Ukirekodi au kupiga picha mpya, mzigo mpya unamwagwa palepale palipokuwa na wa zamani, na hapo ndipo cha zamani kinapotea moja kwa moja.

Ndiyo maana tunasema ukipoteza vitu, acha kuitumia kadi papo hapo. Usipige picha hata moja. Usiingize wimbo. Ufomati wa kina, ule usio wa haraka, huandika juu ya kadi nzima na hauachi kitu. Hata baadhi ya simu zinapofomati husafisha kadi kabisa. Kwa hiyo usifomati ukitegemea kwamba fundi atarudisha.

Kwanza jua mbovu ni nani

Kati ya simu na kompyuta kuna vitu vingi: kadi, adapta, kisoma kadi, waya, tundu la kompyuta. Kimoja kikiwa kibovu, lawama zote humwangukia kadi. Njia ya kumpata mhalifu ni kubadilisha kitu kimoja kimoja.

Anza na kadi yako kwenye simu nyingine. Ikisoma huko, kadi ni nzima na tatizo liko kwenye simu ya kwanza au kwenye kompyuta. Kisha chukua kadi nyingine unayojua ni nzima, iweke mahali pale pale ilipogoma ya kwako. Nayo ikigoma, achana na kadi, shughulika na adapta au kisoma kadi. Ikisoma, basi kadi yako ndiyo yenye shida, au ni ya aina ambayo kifaa hicho hakiiwezi, jambo tutakalolieleza hapa chini.

Kagua pia haya:

Zima simu kabla ya kuchomoa kadi. Angalia zile sehemu za rangi ya dhahabu nyuma ya kadi. Jasho, vumbi na moshi wa jikoni huziziba. Zifute taratibu kwa kitambaa laini kikavu. Usitumie maji, mate wala wembe.

Tazama ubavu wa adapta. Adapta kubwa ya kadi ina kiswichi kidogo. Kikiteremshwa kuelekea upande wa kufunga, kompyuta itasoma kadi lakini itakataa kuongeza au kufuta kitu, ikisema kadi imezuiwa kuandikwa. Kipandishe kuelekea upande wenye zile sehemu za dhahabu. Kadi ndogo yenyewe haina kiswichi hicho.

Kama unaunganisha simu yenyewe kwa waya, jua kwamba kuna waya za kuchaji tu. Ndani hazina nyaya za kupitishia mafaili, kwa hiyo simu itachaji na kompyuta haitaiona. Jaribu waya mwingine. Kisha fungua kioo cha simu kwa namba yako ya siri, vuta chini lile pazia la taarifa, gusa taarifa ya USB, uchague kuhamisha faili badala ya kuchaji. Simu za Android nyingi huanza na kuchaji mpaka wewe ubadilishe.

Kwenye kompyuta, hamisha kisoma kadi kwenye tundu jingine. Matundu mengi ya kompyuta za maofisini yamelegea kwa kuchomekwa flashi kila siku.

Kadi kubwa, kifaa cha zamani

Kadi zote ndogo za microSD zina umbo moja: milimita 15 kwa 11, unene milimita 1. Kwa kuwa zinaingia popote, watu hudhani zinasomeka popote. Hapana. Zisome maandishi yake.

Kadi isiyo na herufi zaidi ya SD mwisho wake ni GB 2. Yenye HC ni ya zaidi ya GB 2 hadi GB 32. Yenye XC ni ya zaidi ya GB 32 hadi TB 2. Kifaa kilichotengenezwa kwa kadi za HC kinaweza kusoma za chini yake, lakini kisoma kadi cha zamani sana au simu ya zamani haitaelewa kadi iliyokuja baada yake. Simu nyingi za batani, viswaswadu tulivyovizoea, mwisho wake ni GB 32, na nyingine ni chini ya hapo. Soma karatasi iliyokuja na simu, au yaliyoandikwa kwenye boksi.

Jambo la pili ni lugha ya daftari la kadi. Kadi za HC hufomatiwa kwa mfumo uitwao FAT32, na karibu kila kifaa kinaujua. Kadi za XC hutoka kiwandani na mfumo wa exFAT. Simu nyingi za zamani haziujui, na zikikutana nao husema kadi ni tupu au imeharibika, wakati ni nzima kabisa. Kompyuta inayotumia Windows XP, toleo lililotoka mwaka 2001, nayo haiujui exFAT mpaka iongezewe nyongeza maalumu. Kwa hiyo kadi yako ya GB 64 inayosoma vizuri kwenye simu janja inaweza kukataliwa na kompyuta ya zamani. Ipeleke kwenye kompyuta mpya zaidi kabla ya kukata tamaa.

FAT32 nayo ina mpaka wake: haipokei faili moja linalofika GB 4. Video ya harusi yenye GB 5 haitaingia hata kama kadi ina nafasi ya GB 20. Kompyuta itakwambia faili ni kubwa mno. Mwambie mpiga video aigawe vipande, au aiweke kwenye kadi yenye exFAT kama simu yako inaikubali.

Na usishtuke ukinunua kadi ya GB 32 ukaona kompyuta inaonyesha GB 29 na kitu. Hujaibiwa. Kiwanda kinahesabu kwa maelfu kamili, kompyuta ya Windows inahesabu kwa 1,024. Vivyo hivyo GB 16 itaonekana kama 14.9, na GB 64 kama 59.6.

Kadi iliyofungwa na simu moja

Tangu toleo la 6 la Android, lililotoka mwaka 2015, baadhi ya simu hukupa chaguo mbili unapoweka kadi mpya: kuitumia kama kadi ya kawaida ya kutoa na kuweka, au kuiunganisha iwe sehemu ya hifadhi ya ndani ya simu. Ukichagua la pili, simu inaifomati kadi na kuifunga kwa ufunguo wa siri uliomo ndani ya simu hiyo tu. Ukiichomeka kwenye kompyuta au simu nyingine, itaonekana haina kitu au inataka kufomatiwa.

Kadi ya namna hii usiihangaikie kwenye kompyuta. Irudishe kwenye simu yake ileile. Vitu vyako viko humo. Unganisha simu na kompyuta kwa waya na unakili kwa njia hiyo. Na hapa tunatoa tahadhari kubwa: ukiirudisha simu katika hali ya kiwandani, yaani kuifuta yote, ufunguo ule unafutika, na hakuna fundi wa kijiji wala wa mjini atakayeifungua kadi hiyo. Kabla fundi hajakwambia "tunaireseti simu", muulize kadi imewekwaje.

Umetoka kuingiziwa nyimbo, picha hazionekani

Hili ndilo linaloongoza kwa simu tunazopokea. Unapeleka kadi kwenye kibanda, unaingiziwa nyimbo, na ukiifungua tena kwenye kompyuta yoyote unaona vialama vidogo vya njia ya mkato, kila kimoja kina KB 1 au 2 tu, na mafaili yako hayapo.

Hiyo ni kazi ya virusi vya kompyuta. Kompyuta ya kibanda inapokea kadi na flashi za watu wengi kwa siku, na ikipata virusi inavigawa kwa kila anayefuata. Virusi hivi mara nyingi havifuti mafaili. Vinayaficha, kisha vinaweka njia za mkato zenye majina yaleyale ili ukibonyeza uviamshe na kuvisambaza. Kwa hiyo usibonyeze, na usifomati.

Irudishe kadi kwenye simu yako na uifungue kwa programu ya kuangalia mafaili. Mara nyingi utayaona yote, kwa sababu virusi hivyo vimeandikwa kwa ajili ya Windows na simu haijali ule uficho. Wakati mwingine yamehamishiwa ndani ya folda lisilo na jina. Yanakili kwenye hifadhi ya simu.

Kama unatumia kompyuta, isafishe kwanza kompyuta yenyewe kwa programu ya kuua virusi, maana kusafisha kadi kwenye kompyuta chafu ni kuoga na kuvaa nguo zilezile. Kisha angalia kadi imepewa herufi gani. Kama ni E, fungua dirisha la amri na uandike hivi:

attrib -h -r -s /s /d E:\*.*

Subiri imalize. Mafaili yataonekana tena. Zifute zile njia za mkato na kila programu usiyoijua, nakili vitu vyako pengine, na baada ya hapo sasa unaweza kuifomati kadi ianze upya.

Picha zipo, lakini si pale ulipodhani

Kabla hujasema zimepotea, hakikisha zilikuwa kwenye kadi. Simu nyingi huhifadhi picha kwenye hifadhi ya ndani mpaka ubadilishe kwenye mipangilio ya kamera. Picha na sauti za WhatsApp hukaa kwenye hifadhi ya ndani ya simu. Wapo waliouza simu, wakabaki na kadi mkononi wakiamini picha zote zimo, kumbe zimeondoka na mnunuzi.

Kama kadi iliwahi kuchomolewa simu ikiwa inaandika, tafuta folda liitwalo LOST.DIR. Humo Android huweka vipande ilivyoviokota. Vina majina ya namba tu na havina mkia wa jina. Vinakili kwenye kompyuta, uongeze mkia wa .jpg kwa picha au .mp3 kwa wimbo, ujaribu kufungua. Si vyote vitafunguka, lakini vingine vitafunguka.

Na nyimbo zikionekana lakini hazilii kwenye simu ya batani, kadi haina kosa. Simu hizo hupenda MP3. Sauti za WhatsApp ni za aina nyingine iitwayo opus, na simu nyingi za batani haziwezi kuicheza. Zibadilishwe kuwa MP3 kwenye kompyuta kwanza.

Kadi bandia na kadi iliyochoka

Ukinunua kadi ya GB 128 kwa bei ya kutupwa, jihadhari. Kuna kadi zilizochezewa ili zijitangaze kuwa na nafasi kubwa wakati ndani zina GB chache tu. Mwanzo zinafanya kazi vizuri. Nafasi ya kweli ikijaa, kila unachoongeza kinaharibika au kinafunika cha zamani. Dalili yake ni hii: picha za mwanzo zinafunguka, za karibuni zinaonekana jina tu au zina rangi ya kijivu nusu.

Njia ya kuhakikisha ni kuijaza kadi mpya yote kabla ya kuitegemea. Programu ya bure iitwayo H2testw hufanya hivyo kwenye kompyuta ya Windows: inaijaza, kisha inasoma kila kilichoandikwa na kukwambia nafasi ya kweli. Ifanye kadi ikiwa tupu, na uwe na subira, maana kadi kubwa huchukua saa kadhaa. Muuzaji mwaminifu hatakukatalia kuirudisha kadi iliyoshindwa mtihani huo.

Kadi nayo huzeeka. Kila sehemu yake ina idadi ya mara inazoweza kuandikwa, kisha inachoka. Kadi nyingi zikifika mwisho hujifunga zisiandikwe tena. Utafuta picha, na ukiirudisha kadi picha zipo vilevile. Utafomati, itasema imefaulu, na vitu vitakuwa palepale. Huo si uchawi wala virusi. Kadi inakuaga. Nakili kila kitu siku hiyohiyo na usiitumie tena.

Vitu vikishapotea: namna ya kuvitafuta

Kama kompyuta inaiona kadi, hata kama inaiita tupu, tumaini lipo. Programu ya PhotoRec ni ya bure na inatafuta picha, sauti na video moja kwa moja ndani ya "ghala" bila kutegemea daftari. Haiandiki kitu kwenye kadi unayoitafutia. Recuva nayo hutumiwa sana kwenye Windows kwa mafaili yaliyofutwa. Sheria ni moja: kinachopatikana kihifadhiwe kwenye kompyuta au flashi, kamwe si kwenye kadi ileile. Majina ya zamani huenda yasirudi, kwa hiyo utakaa kuchambua, lakini picha ni picha hata ikiitwa namba.

Mafundi wengi hukimbilia amri ya kurekebisha diski, yaani chkdsk E: /f. Ni amri nzuri, lakini inaandika juu ya kadi na kubadilisha daftari. Iwe baada ya kuokoa vitu, si kabla.

Kama kadi haionekani kwenye kifaa chochote, imepasuka, au inakuwa ya moto ukiichomeka, itoe. Programu haitasaidia. Kuna wataalamu wenye vifaa vya kusoma ndani ya kadi, ila kazi yao ni ghali. Kama kilichomo hakina mbadala, ihifadhi kadi kwenye bahasha kavu, usiigundishe wala kuikwangua, na usimpe kila mtu ajaribu.

Ukienda kwa fundi

Mwambie mambo matatu kabla hajaigusa: kadi ilifanya nini mara ya mwisho ikiwa nzima, nani ameshajaribu nini, na kwamba haruhusiwi kuifomati bila idhini yako. Muulize vitu vitakavyopatikana atavihifadhi wapi.

Kisha kaa naye. Kadi yako inaweza kuwa na picha za familia, nakala ya kitambulisho, au mambo ya ndani ya nyumba. Programu inayorudisha picha hurudisha hata zile ulizofuta kwa makusudi. Akimaliza, akufutie nakala kwenye kompyuta yake ukiona. Kwa sababu hiyohiyo, usiuze wala kugawa kadi uliyoifomati kwa haraka tu. Anayeipokea anaweza kuyaona ya kwako.

Ya kufanya ili usifike huko

Usichomoe kadi simu ikiwa inarekodi au inanakili. Kwenye Android nenda Mipangilio, kisha Hifadhi, uiondoe kadi kwanza. Kwenye kompyuta tumia ile alama ya kuondoa kwa usalama, usubiri iseme tayari. Kwa simu za batani, zima kabisa.

Uwe na kadi mbili. Moja ndogo ya nyimbo, ndiyo inayozunguka vibandani. Nyingine ya picha na sauti zako, isiyotoka kwenye simu yako.

Kadi mpya ifomati kwenye simu utakayoitumia, siku ya kwanza, ikiwa tupu. Hapo kufomati hakuna madhara.

Na kitu usichotaka kukipoteza kisikae sehemu moja. Kadi iliyofichwa kabatini miaka mingi bila kuguswa si sanduku la urithi. Chaji inayoshikilia kumbukumbu zake hupungua polepole. Nakili kwenye kompyuta ya mtoto aliye mjini, kwenye flashi kwa ndugu, au kwenye akaunti yako ya mtandaoni siku ukiwa na bando. Mhazini wa kikundi, baada ya kupiga picha kurasa za daftari, mtumie pia katibu.

Zile dakika 11 za mzee wetu sasa ziko sehemu tatu: kompyuta ya studio, diski iliyofungiwa ofisini, na flashi tuliyoikabidhi familia yake. Tulizirusha hewani, na wajukuu zake walitupigia simu wakasema wameisikia sauti. Walituuliza kama kuna nyingine. Ilibidi tuwaambie hapana.

Leo jioni, kabla hujalala, fungua simu yako. Tafuta kitu kimoja kilichomo kwenye kadi ambacho hakipo pengine popote duniani. Kesho, kabla ya shughuli nyingine, kinakili. Ukikwama, tupigie muda wa kipindi, ututajie simu yako ni ya aina gani, kadi ni ya GB ngapi, na maneno kamili yaliyotokea kwenye kioo. Tutatafuta jibu pamoja.